Kutenga kamera, runinga na printa kwenye Wi-Fi ya nyumbani: mwongozo kamili kwa walioshindwa mara ya kwanza

Malalamiko ni yale yale. Mtu amesikia kwamba vifaa janja visikae mtandao mmoja na kompyuta ya kazi na simu yenye benki, akafungua Wi-Fi ya wageni na kuhamishia kila kitu huko. Muda si mrefu printa haionekani, runinga inakataa kupokea video kutoka kwenye simu, na balbu mpya inagoma kuunganishwa. Kufika jioni vifaa vyote vimerudi kwenye Wi-Fi moja, kwa nywila ile ile iliyobandikwa nyuma ya ruta.

Wazo la kutenga halina kosa. Kinachowaangusha watu ni kuhamisha vifaa vyote kwa mkupuo bila kujua kipi kinahitaji kuongea na kipi. Kamera ya getini haina haja na kompyuta yako, inataka intaneti tu. Printa ni kinyume chake: intaneti haiihitaji sana, ila lazima isikie kompyuta na simu za humo ndani. Ukivitupa vyote kapu moja, kimojawapo kitakwama.

Menyu za ruta na printa nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo majina yake nimeyaacha ndani ya alama za kunukuu, jinsi utakavyoyakuta kwenye skrini.

## Andaa hivi kwanza

- Picha ya stika ya ruta, chini au nyuma yake: ina anwani, jina la kuingilia na nywila ya kiwandani.
- Kompyuta na kebo ya mtandao. Utabadili Wi-Fi huku ukiitumia, na kebo itakuokoa ukijikatia mawasiliano.
- Karatasi kwenye printa, pamoja na kebo yake ya USB kama akiba.
- Akaunti na nywila za programu za kamera, balbu na soketi janja.
- Namba ya fundi aliyefunga kamera. Utamhitaji.
- Programu ya kuchunguza mtandao kwenye simu. Fing inatosha, na matumizi yake ya kawaida ni bure.
- Bando dogo la data, kwa ajili ya kujaribu ukiwa nje ya Wi-Fi yako.
- Daftari, au programu ya kutunza nywila.

Chagua siku ambayo umeme umetulia. Baadhi ya hatua zinasasisha programu ya ndani ya kifaa, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta au kamera inaweza isiwake tena. Ukiwa na UPS, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika, ichomeke ruta humo kabla ya kuanza.

## Hatua ya 1: Orodhesha vifaa, kisha kiulize kila kimoja swali moja

Fungua Fing ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, iache ichunguze, kisha andika kila kilichojitokeza. Ukikuta kifaa usichokijua usikimbilie kudhani jirani ameingia. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujificha kwa kutumia anwani ya kubuni, hivyo simu ya mwanao inaweza kuonekana kama mgeni. Zima Wi-Fi ya simu moja moja uone ipi inatoweka kwenye orodha.

Sasa swali lenyewe: kifaa hiki kinahitaji kuongea na nani?

Kinachohitaji intaneti tu ni kundi la kwanza. Humo wamo kamera zinazotazamwa kwa programu ya simu, balbu, soketi janja, na runinga inayotumika kwa YouTube na Netflix basi.

Kinachohitaji wenzake wa ndani ni kundi la pili: printa, diski ya kutunzia mafaili, na mashine ya kurekodi kamera ikiwa huwa unaitazama kupitia kompyuta.

Kundi la tatu husahaulika, nalo ndilo rahisi kuliko yote: visivyohitaji mtandao kabisa. Kiyoyozi chenye Wi-Fi ambayo hakuna anayeitumia, runinga ya chumbani iliyofungwa kwenye king'amuzi tu. Hivi vikate. Kifaa kisicho mtandaoni hakihitaji ulinzi wa mtandao.

Umefaulu ikiwa orodha haina hata kifaa kimoja kisicho na jina na kundi.

## Hatua ya 2: Funga ruta kabla ya kugusa kingine

Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1, stika itakuambia ipi ni yako. Ukishaingia, fuata mpangilio huu.

Badili nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya Wi-Fi, na zisifanane. Aliye na ya Wi-Fi anatumia intaneti yako, bali aliye na ya msimamizi anaweza kugeuza kila utakachofanya leo. Sababu ya kuanza hapa ni kwamba wavamizi hawakisii kwa akili, wanatumia orodha. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, mashine za kurekodi kamera (DVR) na ruta duniani kwa kujaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikivielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti kubwa, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera hawakujua lolote.

Zima "WPS", njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nywila ya Wi-Fi. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa mafungu mawili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Matokeo yake, anayekisia hahitaji mamilioni ya majaribio, 11,000 yanamtosha. Udhaifu huu umejulikana tangu 2011 na bado ruta nyingi huuzwa WPS ikiwa imewashwa.

Zima "Remote Management". Wewe utaingia kwenye ruta ukiwa nyumbani. Hakuna haja ya ukurasa wake kufunguka kutoka nje.

Kagua "Port Forwarding", "Virtual Server" na "DMZ". Hapa ndipo mafundi wa kamera huacha milango ("port", njia zenye namba za kupitishia mawasiliano) wazi. Ukikuta mlango 8000, ambao ni wa kamera za Hikvision, 37777 wa kamera za Dahua, au 554 wa kupitisha video, ujue mtu alifungua njia ya moja kwa moja kutoka intaneti hadi kwenye kamera zako. Futa. Programu za simu za siku hizi hupitia kwenye seva za kampuni na hazihitaji mlango huo. Ukikuta 9100 ni hatari zaidi, maana huo ni wa printa.

Zima "UPnP". Huu ni utaratibu unaoruhusu kifaa chochote cha ndani kuiomba ruta imfungulie mlango, na ruta ikakubali bila kukuuliza. Mwenye dashibodi ya michezo, kama PlayStation, anaweza kuona baadhi ya michezo ikisumbua. Kwa wengine wote sijaona faida inayolingana na hatari yake.

Weka usalama wa Wi-Fi kuwa "WPA2" yenye "AES", au "WPA2/WPA3" kwa pamoja. Usichague "WPA3" peke yake, kwani printa ya miaka iliyopita na balbu za bei nafuu hazitaunganika, nawe utadhani umeharibu kitu.

Mwisho, sasisha programu ya ruta.

Baadhi ya kampuni za intaneti hukupa akaunti ya ruta yenye menyu pungufu. Usihangaike kutafuta nywila kuu kwenye YouTube. Piga huduma kwa wateja, waambie wazime WPS na UPnP na wafute milango yote iliyofunguliwa. Na siku wakileta fundi akabonyeza kitufe cha riseti, kumbuka kila ulichoweka kimefutika na nywila imerudi ile ya stika.

Umefaulu ikiwa nywila ya stika haifungui tena ukurasa wa ruta, na orodha ya milango iko tupu.

## Hatua ya 3: Fungua mtandao wa pili, kisha hamisha watu badala ya vifaa

Tafuta "Guest Network" na uwashe ule wa 2.4 GHz, kwa sababu kamera na balbu nyingi haziijui 5 GHz. Kifaa kilichomo humo ni kama mgeni wa barazani: maji na mazungumzo anapata, ila ndani haingii.

Ruta nyingi, TP-Link zikiwamo, zina vibonye viwili hapa. Kimoja kinaruhusu wageni wauone mtandao wa ndani. Hicho kizimwe daima, kwani ukikiwasha umebaki na majina mawili ya mtandao uleule mmoja. Cha pili kinaruhusu wageni waonane wao kwa wao. Nacho kizime, ila tutakirudia kwenye hatua ya runinga.

Sasa mbinu ambayo ingewaokoa wengi. Badala ya kuzunguka nyumba nzima ukiunganisha upya balbu na kamera, upe mtandao wa wageni jina na nywila ya zamani ya Wi-Fi yako, kisha mtandao mkuu upe jina jipya na nywila mpya. Anza kwa kubadili mkuu, ndipo uwashe wa wageni. Vifaa vyote vitajiunga vyenyewe na lile jina vinalolikumbuka bila kujua vimehamishwa. Kazi inayobaki ni simu na kompyuta za familia pamoja na printa, na hivyo havifiki hata kumi katika nyumba nyingi.

Angalizo moja: ikiwa nywila ya zamani inajulikana mtaa mzima, mbinu hii usiitumie. Jirani ataendelea kula bando lako, tena akiwa mtandao mmoja na kamera. Hapo kubali usumbufu, weka nywila mpya pande zote mbili na uunganishe kimoja kimoja.

### Ruta isipokuwa na mtandao wa wageni

Ruta za faiba zinazotolewa na kampuni wakati mwingine hukuruhusu kuongeza jina la pili la Wi-Fi, mfano "SSID2", bila kutenga chochote. Usiridhike na jina, fanya jaribio la mwisho wa hatua hii. Likishindwa, nunua ruta ndogo ya pili.

Wanaonunua ruta ya pili wengi huipanga kinyume. Huchomeka ruta mpya nyuma ya ile ya kampuni na kuweka kamera kwenye ruta mpya. Mpangilio sahihi: kamera na runinga zibaki kwenye ruta ya kampuni, ninyi, kompyuta na printa mwingie kwenye ruta mpya. Kebo itoke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya kampuni iingie kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta mpya. Walio nyuma ya ruta ya ndani wanaweza kuanzisha mawasiliano kwenda nje, bali walio nje hawawezi kuanzisha mawasiliano kuja ndani. Ukipanga kinyume, kamera iliyotekwa itakuwa ndani ikiwatazama ninyi mlioko nje. Hakikisha pia anwani za ruta mbili hazifanani: moja ikiwa 192.168.1.1, nyingine iwe 192.168.0.1.

Jaribio. Unganisha simu kwenye mtandao wa vifaa, zima data, fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, andika kwenye kivinjari anwani ya kompyuta au printa iliyo mtandao mkuu. Inatakiwa izunguke hadi ichoke. Ikifunguka, kutenga hakujafanyika, rudi kwenye vile vibonye viwili.

## Hatua ya 4: Kamera, na fundi aliyezifunga

Nywila dhaifu ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba fundi alipomaliza kazi aliijaribu mashine kwa simu yake, akaisajili kwenye akaunti yake, akakupa wewe ruhusa ya kutazama. Mwenye mashine kwenye karatasi ni wewe, mtandaoni ni yeye.

Kwenye Hik-Connect, programu ya simu ya kamera za Hikvision, kwa mfano, mashine moja husajiliwa kwa akaunti moja tu na wengine hushirikishwa. Ukijaribu kuisajili ukaambiwa tayari imeongezwa na akaunti nyingine, jibu umelipata. Mpigie kwa heshima: "Fundi, naomba uiondoe mashine yangu kwenye akaunti yako, niisajili kwangu." Fundi mwaminifu atafanya papo hapo. Akianza kukuzungusha, programu ina njia ya kuomba mashine iachiliwe ikiwa una nywila yake, na wasambazaji rasmi husaidia pia.

Ukishaisajili, badili nywila ya mashine yenyewe, ile ya "admin", mbali na ile ya akaunti ya simu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Futa watumiaji wote usiowajua. Sasisha. Na usimtumie mtu picha ya stika ya kamera kwa WhatsApp: ile QR na namba ya mfululizo ndiyo kitambulisho ambacho programu hukitumia kuitafuta kamera yako popote ilipo.

Sasa mtego: mashine nyingi za kurekodi, DVR au NVR, zimechomekwa kwa kebo nyuma ya ruta. Mtandao wa wageni ni wa Wi-Fi, hauigusi kebo. Mashine iliyo kwenye kebo imebaki mtandao mkuu hata kama umefuata kila hatua hapo juu. Kama umepanga ruta mbili, ichomeke kwenye ile ya kampuni na shida imekwisha. Kama una ruta moja, tafuta kama inaruhusu kulitenga tundu moja la LAN. Isiporuhusu, kwa nyumba yenye kamera nne na kuendelea, gharama ya ruta ndogo ya pili naiona ya haki kabisa.

Umefaulu ukiwa nje, kwa data ya simu, unaona picha kwa akaunti yako, na fundi haoni.

## Hatua ya 5: Runinga na visanduku vyake

Runinga ya kampuni inayojulikana: isasishe, iache mtandao wa wageni, zima kipaza sauti kama huongei nayo. Ikiwa watoto wanapenda kurusha video kutoka simu kwenda kwenye runinga, simu na runinga lazima ziwe mtandao mmoja. Una njia mbili. Waunganishe simu zao kwenye mtandao wa wageni na uwashe kile kibonye cha wageni kuonana, au watumie programu iliyomo kwenye runinga yenyewe. Mimi nachagua ya pili, kwani ukiruhusu wageni waonane, kamera nazo zinaonana na simu hizo.

Visanduku vya Android vya bei ya kutupa, vile vinavyoahidi chaneli zote bila malipo, ni habari nyingine. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0: visanduku vya runinga, projekta na vifaa vingine vya bei nafuu, vingi vya kutoka China, vilivyokuwa na programu hasidi kabla hata havijanunuliwa, au vilivyoipata wakati mmiliki akisakinisha programu za awali. Kazi yake kubwa ni kukodisha intaneti yako kwa wahalifu, uhalifu wao uonekane umetoka sebuleni kwako.

Kipime chako. Fungua Play Store kwenye kisanduku, nenda "Settings", kisha "About", tafuta "Play Protect certification". Kikisema hakijathibitishwa, au kama Play Store yenyewe iliingizwa kwa njia za panya, usikiunganishe tena. Kukisafisha hakusaidii, maana programu hiyo inakaa ndani ya mfumo na hurudi baada ya riseti. Najua kilinunuliwa kwa pesa. Kitoe.

Ikiwa kimethibitishwa, ingia kwenye "Developer options" na uhakikishe "USB debugging" na ile ya mtandao zimezimwa.

## Hatua ya 6: Printa

Ushauri wangu hapa unatofautiana na wengi: printa ibaki mtandao mkuu. Ukiipeleka kwa wageni, simu na kompyuta haziioni, kwa sababu wito ambao simu hupiga kutafuta printa hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ndipo watu hufungua kila kitu ili waweze kuchapa barua moja. Afadhali ikae ndani, lakini ifungwe.

Ipate anwani yake. Chapa ripoti ya mtandao kutoka menyu ya printa, soma mstari wa "IPv4 address".

Iwekee anwani ya kudumu. Kwenye ruta tafuta "Address Reservation" au "DHCP Static". Bila hii, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani nyingine, na kompyuta inayokumbuka ya zamani itasema printa haipo. Wengi wa wanaodhani usalama umewaharibia printa wamepatwa na hili tu.

Fungua ukurasa wake. Andika anwani kwenye kivinjari. Kinaweza kukuonya kwamba ukurasa si salama, kwa kuwa printa imejitilia saini cheti chake yenyewe. Ndani ya nyumba yako, kwa anwani uliyoiandika kwa mkono, endelea.

Weka nywila ya msimamizi. Printa nyingi za nyumbani huja bila nywila yoyote, au ikiwa kwenye stika, au ni namba ya mfululizo. Bila nywila yako, yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kubadili mipangilio na kusoma kitabu cha anwani za skana.

Shughulikia "Wi-Fi Direct". Hii ni Wi-Fi ambayo printa hujitangazia yenyewe, nje kabisa ya ruta yako, na kwenye baadhi ya printa nywila yake ya kiwandani ni 12345678. Kama huitumii, zima. Kama mnaitumia, weka nywila nyingine.

Zima usivyotumia. "Telnet" na "FTP" zizimwe. Kuchapa kwa barua pepe na huduma za wingu zizimwe isipokuwa mnazihitaji. Acha "IPP", ndiyo simu hutumia, na mlango 9100 ambao kompyuta nyingi za Windows hupitia humo ndani; hatari ni ukifunguliwa kutoka nje kwenye ruta. Ukizima "SNMP", ambayo huiarifu kompyuta hali ya printa, Windows inaweza kudai printa iko "Offline" ilhali inawaka mbele yako. Dawa yake: fungua sifa za printa kwenye Windows, kichupo cha "Ports", "Configure Port", ondoa tiki kwenye "SNMP Status Enabled".

Skana inayotuma barua pepe. Usiweke humo nywila yako halisi ya Gmail. Tengeneza nywila ya programu ("App password"), nywila ya pekee kwa kifaa kimoja, kwenye akaunti yako ya Google na uitumie hiyo. Siku printa ikiuzwa au ikiibwa, unaifuta hiyo moja.

Kusasisha, na suala la wino. Hapa watu wana sababu ya kuogopa. Baadhi ya printa za HP zina mfumo uitwao Dynamic Security, na sasisho linaweza kuzuia katriji zenye chipu isiyo ya HP. Katriji iliyojazwa upya ikiwa bado na chipu yake halisi ya HP haiguswi na mfumo huo. Kwa hiyo kagua unachotumia. Kama ni chipu ya asili, sasisha bila wasiwasi. Kama si ya asili na hutaki kupoteza wino, zima sasisho la kujiendesha, lakini basi usiiache printa isiyosasishwa kwenye Wi-Fi: zima Wi-Fi yake na uitumie kwa kebo ya USB. Kuwa na vyote viwili, printa ya zamani isiyosasishwa na Wi-Fi wazi, ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Usiifungulie mlango wa nje kamwe. Novemba 2018 mtu mmoja alizifanya printa zipatazo 50,000 duniani zichape ujumbe wa kumfanyia kampeni mwanayoutube. Hakuvunja nywila, alizikuta tu zikiwa wazi kwenye intaneti. Ukitaka kuchapa ukiwa safarini, mtumie faili aliyepo nyumbani.

Mgeni akiomba kuchapa, afanye hivyohivyo: akutumie faili. Nywila ya mtandao mkuu haitolewi kwa sababu ya karatasi mbili.

Umefaulu ikiwa unachapa kutoka simu na kompyuta za mtandao mkuu, ukurasa wa printa unadai nywila, na simu iliyo mtandao wa wageni haiioni.

## Hatua ya 7: Jitazame kutoka nje

Soma anwani ya "WAN" kwenye ukurasa wa ruta. Kisha tafuta kwenye Google "what is my IP" ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kawaida kwa intaneti ya laini za simu, nayo inapunguza wanaoweza kukubishia hodi kutoka nje. Haikulindi dhidi ya kisanduku kilichooza tayari kikiwa ndani.

Zikifanana, toka kwenye Wi-Fi, washa data, andika anwani hiyo kwenye kivinjari. Isifunguke kitu chochote. Ikitokea kurasa ya kuingilia, iwe ya ruta, kamera au printa, kuna mlango umesahaulika kwenye Hatua ya 2.

## Balbu mpya ikigoma

Wakati wa kuunganisha kifaa kipya, simu inatakiwa iwe mtandao ule ule na kifaa. Hamishia simu kwenye mtandao wa wageni wa 2.4 GHz, ongeza balbu, kisha irudishe simu mtandao mkuu. Programu kama Smart Life itaendelea kuiwasha na kuizima, kwa kuwa amri zinapitia intaneti. Ikigoma bado, washa kwa muda kile kibonye cha wageni kuonana, na ukimaliza kizime.

## Kifaa kikiondoka nyumbani

Kabla ya kuuza au kugawa kamera, iondoe kwenye akaunti yako kwanza, kisha irudishe mipangilio ya kiwandani na utoe kadi ya kumbukumbu. Ukianza na riseti bila kuiondoa kwenye akaunti, aliyenunua atakwama na atakupigia usiku. Kwa printa, fanya riseti kamili kutoka menyu ya msimamizi. Kuizima na kuiwasha hakufuti nywila ya Wi-Fi wala anwani za skana. Na ukinunua ya mtumba iliyotoka ofisini, anza na riseti hiyohiyo kabla haijaiona Wi-Fi yako.